Matundu Matano ya Karavani

Simu ilipolia saa nne na robo asubuhi, Awiti alikuwa na misumari mitatu midogo mdomoni na goti limekandamiza kiti cha hoteli moja ya nyama choma pale Kamakis, Ruiru. Fundi wa viti hana mkono wa ziada. Akaibana simu kati ya sikio na bega, akaendelea kuvuta kitambaa.

"Awiti, nyathina, mwanangu," sauti ya baba yake ilisema, "usiwe na wasiwasi na hizo makushini zako. Leo nazikausha mwenyewe. Nimewasha jiko, nimefunga mlango vizuri, niko hapa ndani nalichunga."

"Sawa, Baba," Awiti alijibu, misumari ikiwa mdomoni.

"Hii baridi ni mbaya. Imenipiga mpaka kichwa kinauma. Wacha nijilaze kidogo."

"Haya, Baba. Pumzika."

Simu ikakatika. Mzee Jared Obiero hakuwa mtu wa kuaga. Akimaliza alichotaka kusema, amemaliza. Awiti akapigilia msumari wa kwanza. Akapigilia wa pili. Wa tatu ulikuwa ungali mdomoni alipoelewa alichoambiwa, na nyundo ikamponyoka.

Hapa karavani yenyewe haina budi kuelezwa, maana bila kuijua mtu atashangaa kwa nini mwanamke mzima aliangusha nyundo mbele ya kiti. Mzee Obiero alifanya kazi miaka thelathini na mmoja katika kampuni ya kujenga barabara, na miaka yote hiyo nyumba yake ilikuwa ya magurudumu. Barabara ikisonga, kambi inasonga, na karavani inavutwa nyuma ya lori. Alipostaafu, wenzake walipewa saa za ukutani. Yeye alipewa karavani. Akaileta Thika, akaiegesha uani kwake Kamenu, ubavuni mwa nyumba, na tangu mkewe afariki ndiyo ikawa sebule yake, ofisi yake na mahali pake pa kusomea Biblia. Katika nyumba ya mawe yenye vyumba vitatu alikuwa analala tu.

Sasa, karavani na baridi ya Julai hazipatani hata kidogo. Manyunyu kutwa, jua halionekani wiki nzima, na ule ukuta mwembamba wa bati unatoa jasho kwa ndani. Usipokuwa mwangalifu, kufikia Agosti una nyumba inayonuka soksi. Mzee alikuwa na taratibu zake za kambini, na alizifuata bila kukosa kama anavyomeza dawa za presha. Mwezi wa sita ukiingia tu, makushini yanasimamishwa wima, yasiguse ukuta. Milango ya kabati inaachwa wazi. Beseni la chumvi ya mawe linawekwa sakafuni linywe unyevu, na chumvi ikilowa inakaangwa kwenye sufuria na kurudishwa. Kuta zinapanguswa kwa siki. Na mara moja kwa wiki, jiko la makaa linaingizwa ndani kwa saa nzima. Mlango unafungwa ili joto lisitoroke, naye mwenyewe anakaa humo humo kulilinda, kwa sababu kule Timboroa kuna mwenzake aliyeacha jiko peke yake akarudi kukuta pazia limekuwa majivu.

Majirani walimwambia mara nyingi kwamba jiko la makaa na mtu havikai pamoja ndani ya chumba kilichofungwa. Akawacheka. Akawaonyesha matundu matatu sakafuni, chini ya viti, na mengine mawili juu nyuma ya kabati la nguo, yote wazi mwaka mzima. Hewa inaingia huku, inatokea kule, akawaambia, na mimi nimefanya hivi kabla nyinyi hamjaoa. Hayo aliwaeleza majirani, akamweleza mchungaji, akamweleza hata mtu wa kusoma mita ya stima. Binti yake hakumweleza kamwe. Alidhani mtoto aliyekulia kambini anajua.

Na Awiti hakujua. Alichojua yeye ni viti. Mwezi wa tano alikuwa amemshonea baba yake makushini mapya, kitambaa cha kijani chenye maua madogo, jioni kumi na nne za kazi baada ya kazi. Jana yake, Jumapili, alikwenda kumtembelea akayakuta yana madoadoa meusi ya kuvu kwenye pindo. Roho ilimuuma. Akapapasa chini ya kiti kutafuta chanzo, na hapo mkono wake ukapigwa na upepo wa baridi kutoka kwenye tundu. Kumbe! Baridi yote ya Thika ilikuwa inaingilia hapo, na mzee anahangaika na chumvi.

Baba yake alikuwa jikoni akikaanga hiyo chumvi. Awiti akatoa vipande vya sponji kwenye mkoba wake wa kazi, akavikata kwa makasi, akaufuata upepo hadi nyuma ya kabati, akavishindilia kwa bisibisi kwenye matundu yote matano hadi ukakoma. Hakusema neno. Mzee hakupenda mtu aguse karavani yake, na Awiti alitaka ashangae mwenyewe wiki ijayo, akute kumekauka, aulize ni nani amefanya maajabu haya. Njia nzima ya kurudi Ruiru alikuwa anajipongeza.

Hiyo ilikuwa jana.

Alitema msumari. Akapiga simu, ikaita mpaka mwisho. Akapiga tena, ikaita mpaka mwisho. Mara ya tatu aliihesabu milio yake, na kila mlio aliuona: simu iko juu ya meza ndogo ya kukunjwa, jiko liko katikati, na baba yake amelala kwenye makushini ya kijani akiwa amefumba macho.

Akampigia Saida, mama yake Zuhair, jirani wa ukuta mmoja.

"Mama Zuhair, uko nyumbani?"

"Niko sokoni, Awiti. Kwani?"

"Baba yuko ndani ya karavani na jiko. Amefunga mlango. Hashiki simu."

"Si hufanya hivyo kila wiki?"

"Mama Zuhair, tafadhali!" Sauti yake ilipasuka, na mafundi wenzake wakageuka kumtazama. "Enda umtoe. Enda sasa hivi."

Saida hakuuliza lingine. Alisema mume wake, Salehe, alikuwa nyumbani amelala, katoka shifti ya usiku kiwandani, na simu yake huwa anaizima. Angechukua pikipiki aende mwenyewe.

Awiti naye alikimbia hadi barabarani na aproni kiunoni. Wa kwanza kwenye foleni ya bodaboda alikuwa Mutisya, kijana aliyezoea kumbebea vitambaa.

"Kamenu, Thika," alisema, ameshapanda tayari.

"Thika? Madam, hiyo ni mbali kwa nduthi, na hii mvua..."

"Baba yangu anakufa, Mutisya."

Mutisya akawasha pikipiki.

Mambo ya barabarani Awiti hakuyaona. Manyunyu yalimchoma usoni kama mchanga, na hakujifuta. Alikuwa anahesabu. Simu iliingia saa nne na robo, na wakati huo kichwa kilikuwa kimeshaanza kumuuma. Kwa hiyo jiko lilikuwa limewaka muda gani? Robo saa? Nusu? Kila mwaka baridi ikiingia redio hutangaza mahali fulani watu wamekutwa wamelala na jiko, baba, mama na watoto, na mtangazaji husema walionekana kama wamesinzia tu. Awiti alikuwa na mazoea ya kusikiliza habari hizo huku akitikisa kichwa, akishangaa kwamba watu bado hawajui.

"Mungu," alisema mgongoni kwa Mutisya, "ukimwacha hai nitafanya chochote." Akatafuta kitu cha kuahidi na hakupata.

Wakapita kituo cha Toll. Alikumbuka kwamba hajamwambia kaka yake. Akatoa simu, akalitafuta jina la Lenny, kidole kikasimama juu yake. Lenny angeuliza imekuwaje. Lenny huuliza kila kitu imekuwaje. Awiti akairudisha simu mfukoni, na woga wake ukawa wa aina mbili, mmoja juu ya mwingine.

Walipofika Witeithie simu ilitetemeka. Akamgonga Mutisya begani apunguze mwendo.

"Nimefika," Saida alikuwa anahema. "Geti amefunga na kufuli kwa ndani. Naita, haitiki. Ngoja niamshe Salehe aruke ukuta..."

"Unasikia chochote? Hata kukohoa?"

"Sisikii kitu, Awiti." Kisha simu ikakatika.

Alipompigia tena, haikushikwa. Kutoka Witeithie hadi Kamenu si mbali, lakini Awiti alizeeka hapo. Alijiona kando ya kaburi kule kwao, magharibi mwa nchi, amesimama na watu wanaompa pole, naye anazipokea hizo pole kwa mikono iliyoshika makasi. Alimwomba Mutisya aongeze mwendo, na Mutisya akamwambia kwa upole, "Madam, nikiongeza tutakufa sisi, na mzee atabaki hapo tu."

Geti lilikuwa wazi, kufuli limevunjwa kwa jiwe. Uani, kwenye nyasi zilizolowa, baba yake alikuwa amelazwa kwa ubavu, mguu mmoja una kiatu na mwingine soksi. Saida alikuwa amepiga magoti akimpepea kwa leso, midomo yake ikienda mbio kwa dua. Salehe alikuwa ameinama pembeni akikohoa, mikono imejaa masizi. Jiko lilikuwa limetupwa kwenye matope, makaa yakilia.

Awiti alisimama. Miguu ilikataa kwenda mbele kwa sababu akisogea angejua.

"Anapumua," Saida alisema. "Awiti, njoo. Anapumua, ametapika lakini anapumua."

Hapo ndipo alipoanguka chini karibu naye akamshika uso. Ulikuwa na joto, na mwekundu kwenye mashavu, rangi ambayo hakuwahi kuiona kwa baba yake. Macho yalifunguka nusu, yakamtazama, yakajifunga tena bila kumtambua.

"Baba. Baba, ni mimi."

Jirani mwingine alileta gari. Walipokuwa wanampakia, Salehe alirudi karavani kufungua madirisha, akatoka ameshika kitu mkononi.

"Hebu angalieni," alisema. Ilikuwa sponji. "Mzee ameziba matundu yote. Ya chini yote, hata yale ya juu. Yeye mwenyewe ndiye alikuwa anatuonyesha hayo matundu!"

Awiti alifungua mdomo. Saida akatikisa kichwa kwa huruma.

"Uzee huo," Saida alisema. "Akili imeanza kumtoka, maskini. Usimlaumu."

Na Awiti akaufunga mdomo wake. Ukweli usemwe: kwa dakika ile alipata ahueni, ahueni ndogo ya aibu, kwamba sponji ile imeshapata mwenyewe. Akaingia garini, akaweka kichwa cha baba yake mapajani.

Hospitalini walimwekea oksijeni. Daktari, binti mdogo aliyevaa sweta juu ya koti jeupe, alisema amewahiwa. Alisema pia kwamba hata matundu yangekuwa wazi, huyo mzee amekuwa akicheza na kifo miaka yote na kushinda kwa bahati. Jiko haliingii mahali palipofungwa, akasema, si kwa saa moja, si kwa robo saa. Awiti aliitikia kila neno. Bahati hiyo ya miaka thelathini, alijua ni nani aliyeikatiza.

Lenny alifika saa nane kutoka Nairobi, tai imelegea. Saida alikuwa ameshamweleza kila kitu kwa simu, sponji ikiwemo, na mzee naye alikuwa ameshaambiwa alipoamka. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akaongea na baba yao kwa ile sauti ambayo watu huwaongelesha watoto wa nasari.

"Mzee, hii story ya karavani imeisha. Nimeongea na mtu wa scrap, atakuja Jumamosi kuibeba."

"Sawa," Mzee Obiero alisema kupitia kifuniko cha oksijeni.

"Na Kamenu hutakaa peke yako tena. Unakuja kwangu. Kuna msichana atakuwa anakuangalia mchana."

"Sawa."

"Na daktari nitamwambia akupime akili. Ni kitu ya kawaida, usiogope."

"Sawa, Lenny."

Awiti alimtazama baba yake. Mtu huyu aliwahi kugombana na mchungaji miezi miwili kwa sababu ya mahali pa kuegesha baiskeli. Alikataa mashine ya kufua, alikataa simu kubwa, alikataa hata kubadilishiwa shuka na muuguzi mwaka juzi. Sasa anatingisha kichwa tu, sawa, sawa, sawa, macho yameganda kwenye dari. Jambo hilo lilimtisha kuliko lile shavu jekundu.

Lenny alipotoka kumtafuta daktari, mzee aligeuza kichwa.

"Awiti. Sponji nilitoa wapi?"

"Pumzika, Baba."

"Nimefikiria tangu niamke. Naona nikiwasha jiko. Naona nikifunga mlango. Naona nikikupigia simu. Lakini hiyo sponji hapana. Natafuta, natafuta, hakuna kitu hapo." Alimeza mate kwa shida. "Ajwang' alianza hivi hivi."

Ajwang' alikuwa kaka yake mkubwa. Awiti alimkumbuka siku zake za mwisho, jinsi alivyomuuliza mke aliyeishi naye miaka arobaini atarudi kwao lini, jinsi alivyowalilia watoto wake mwenyewe wamwonyeshe njia ya kwenda nyumbani akiwa amekaa nyumbani.

"Alifungia kuku kwa kabati," mzee alisema. "Kuku watatu, wakafa. Akaapa si yeye. Sisi tukamcheka. Kumbe alikuwa anasema ukweli, hakukumbuka." Mkono wake ulitafuta mkono wa Awiti juu ya blanketi. "Kufa siogopi sana, nyathina. Niko na sabini na tatu. Lakini hiyo ya Ajwang' naiogopa. Hiyo naiogopa sana."

Awiti hakuwahi kumsikia baba yake akisema anaogopa. Hakuwahi hata mama alipofariki.

"Hebu nisikilize kama niko sawa," mzee aliendelea. "Nitaje kambi. Ya kwanza, Timboroa. Ya pili Kinangop. Ya tatu... ya tatu ni..." Midomo ilichezacheza ndani ya kifuniko. "Ya tatu ni ile ya daraja. Awiti, ile ya daraja ilikuwa inaitwaje?"

Chozi lilimtoka mzee likateremka kwenye makunyanzi hadi sikioni, naye hakulifuta. Awiti akaona wazi anachofanya. Asubuhi amekimbia kutoka Kamakis ili mtu huyu atolewe kwenye chumba kisicho na hewa, na sasa anamfungia kwenye kingine kwa kunyamaza. Alimwogopa Lenny, aliwaogopa Saida na Salehe, aliyaogopa macho ya baba yake akishajua. Akapiga moyo konde.

"Si wewe, Baba."

"Nini?"

"Sponji. Si wewe. Ni mimi nilitia."

Mzee alimtazama. Polepole, akakishusha kifuniko cha oksijeni hadi kidevuni.

"Usinidanganye ndiyo nijisikie vizuri."

"Sikudanganyi. Jana, ukiwa jikoni unakaanga chumvi. Niliona kuvu kwa makushini, nikasikia upepo chini ya kiti, nikafikiri ndiyo inaleta unyevu. Sikujua, Baba. Wallahi sikujua ni ya nini. Nilitaka ushangae tu." Alikuwa analia sasa, pua na macho pamoja. "Nisamehe. Nilikaribia kukuua, halafu nikanyamaza."

"Sponji gani?"

"Ya viti. Ya inchi mbili."

"Ulisukuma na nini?"

"Bisibisi."

"Ngapi?"

"Matano. Matatu chini na mawili juu."

"Matano," mzee alirudia. Alikuwa anayapitia moja moja kichwani, na Awiti alisubiri ghadhabu, kwa maana ilikuwa haki yake. "Kwa hivyo mimi sikugusa hata moja."

"Hata moja, Baba."

"Na nilifunga mlango nikijua matundu yako wazi. Kama kila siku."

"Kama kila siku."

Kifua cha mzee kilianza kutikisika. Awiti aliinuka amwite muuguzi, kabla hajagundua kwamba ni kicheko, kicheko kikavu chenye kikohozi ndani yake, na machozi yakifuatana sasa bila aibu. Aliubana mkono wa binti yake kwa nguvu ambazo mgonjwa hapaswi kuwa nazo.

"Kumbe ni wewe ulitaka kuniua!" alisema, na katika maisha yake yote Awiti hakuwahi kumsikia akitamka jambo kwa furaha kama hiyo. "Lenny! Lenny yuko wapi? Mwiteni arudi hapa!"

Lenny alitokea mlangoni na daktari nyuma yake, wote wawili wameshtuka.

"Ingia, keti," baba yao alimwambia. "Dada yako ana neno. Awiti, mwambie vile umeniambia. Usiruke kitu."

Awiti alisimama, akashika chuma cha kitanda, akaanza upya tangu Jumapili.